Mwenye Kosa na Jirani Yake: Ginsi Vikwazo vya Mataifa Vilivyogeuka



Mwezi wa tano wa mwaka 2003, askari wa Uganda walipokwisha kutoka Bunia, vikundi vyenye silaha vilipigania mji wetu mtaa kwa mtaa. Watu wengi walikimbilia nyumba za Mungu, wakifikiri kwamba hapo hakuna atakayewagusa. Hapa Nyakasanza walifuatwa mpaka ndani ya parokia na kuuawa. Kati ya waliouawa walikuwa mapadri wawili, Abbé Aimé Njabu na Abbé François Mateso. Waliowaua hawakuuliza: «Huyu amefanya kosa gani?» Waliuliza tu: «Huyu ni wa kabila gani?»

Hatuanzi na habari hii kusudi tufungue kidonda. Tunaanza nayo kwa sababu ulizo lile ndilo kiini cha historia tunayotaka kuieleza. Katika miaka ile ya vita yetu, mataifa ya dunia yalikuwa yakitafuta namna ya kuwaazibu wanaoleta vita pasipo kuwaazibu wote wanaoishi pamoja nao. Chombo chao huitwa vikwazo: kukataza silaha zisiingie, kukataza mtu asisafiri, kufunga mali yake katika banki, kukataza biashara inayolisha vita. Kila mara tunasikia mambo haya katika radio, na wakristu wetu wanatuuliza: vitu hivi vimefaa nini?

Tutajibu kwa kufuata mambo ginsi yalivyotokea. Lakini tuseme tangu sasa tunalotaka kuonyesha. Vikwazo vimekuwa bora kila mara mataifa yalipojifunza kumtenga mwenye kosa na jirani yake. Vimeharibika kila mara yaliposahau. Na fundisho hilo si la wakubwa wa New York peke yao.

I. Eklezia ilijaribu zamani

Wanafunzi wa seminari wanaosoma historia ya Eklezia wanajua neno interdictum. Katika karne za kati, mfalme alipokataa kutii, mara nyingine Papa alifunga ibada katika inchi yake yote. Mfano mkubwa ni Uingereza. Mfalme Yoane hakutaka kumpokea Stephen Langton, aliyechaguliwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury. Basi mwaka 1208 Papa Inosenti III alitia inchi nzima chini ya interdictum. Watoto waliendelea kubatizwa na wenye kufa waliweza kuungama, lakini Misa ya watu ilikoma, na maiti walizikwa nje ya makaburi yaliyobarikiwa. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka sita, mpaka mwaka 1214.

Nani aliumia? Mkulima na mjane waliumia. Mfalme mwenyewe alinyang'anya mali ya makanisa na kujaza sanduku zake. Alipokubali kutii mwaka 1213, sababu kubwa ilikuwa woga wa vita, maana mfalme wa Ufaransa alikuwa akitayarisha jeshi la kumshambulia.

Eklezia iliona jambo hilo. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII, katika sheria inayoanza na maneno Alma mater, alilegeza azabu ile: aliruhusu Misa kila siku, milango ikiwa imefungwa, na ibada kubwa mbele ya watu wote siku za Noeli, Pasaka, Pentekoste na Kupalizwa kwa Bikira Maria. Ilikuwa imeonekana kwamba watu waliokosa Misa siku nyingi walipoteza moyo wa ibada, na mafundisho ya uongo yalipata nafasi. Dawa ilikuwa ikiongeza ugonjwa. Na katika sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 hakuna tena interdictum ya inchi wala ya mahali. Imebaki ile ya mtu tu.

Tena sheria yetu inafundisha kwamba azabu ya namna hii, yaani censura, ni dawa. Kwa hiyo sherti mtu aonywe mbele ya kuazibiwa, na akiacha ukaidi wake sherti afunguliwe. Tushike maneno mawili haya, kuonywa na kufunguliwa. Tutayahitaji mbele.

II. Mataifa yanafunga inchi nzima

Baada ya vita kubwa ya 1914-1918, mataifa yaliunda Shirika la Mataifa katika mji wa Geneva. Yalifikiri kwamba taifa lolote litakaloshambulia lingine litafungiwa biashara, nalo litaacha vita pasipo risasi kupigwa. Jaribio kubwa lilikuja katika Afrika yetu. Mwezi wa kumi wa mwaka 1935 Italia iliingia Etiopia kwa nguvu. Shirika likakata shauri, na vikwazo vikaanza tarehe 18 mwezi wa kumi na moja. Lakini mafuta ya petroli hayakuwekwa katika orodha ya vitu vilivyokatazwa, na mfereji wa Suez ulibaki wazi kwa meli za Italia. Mwezi wa tano wa 1936 jeshi la Italia liliingia Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva kusema mbele ya mataifa, na mwezi uliofuata vikwazo viliondolewa. Hapa hatuoni azabu iliyopita kiasi. Tunaona azabu isiyokuwa na moyo: waliitangaza, kisha wakaacha mlango mkubwa wazi.

Umoja wa Mataifa (ONU), uliokuja mwaka 1945, ulijaribu tena juu ya Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Wazungu wachache walikuwa wamejitwalia utawala mwaka 1965. Mwaka 1966 Baraza la Usalama liliamuru vikwazo vya kwanza vyenye nguvu ya sheria kwa mataifa yote, na mwaka 1968 lilifunga karibu biashara yote. Lakini mafuta yalipita Afrika ya Kusini na Msumbiji ya Wareno. Vikwazo vilikwisha tu mwaka 1979, na kabla ya hapo damu nyingi ilimwagika.

Kiisha ikaja Irak. Mwezi wa nane wa 1990 Irak ilitwaa inchi ya Kuwait, na siku nne baadaye Baraza lilifunga biashara yote, kwa azimio namba 661. Safari hii mataifa yalifunga kwa nguvu kweli. Nini kilitokea? Kuwait ilifunguliwa kwa vita, na vikwazo vikaendelea miaka na miaka. Mishahara haikununua tena kitu, hospitali zilikosa dawa, maji safi yalipunguka, watoto walizaifika. Lakini katika majumba ya Saddam Hussein hakuna aliyelala na njaa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa serikali ndiyo iliyogawa vyakula, raia walizidi kuwa mikononi mwake. Mwaka 1995 Baraza liliruhusu Irak iuze mafuta kidogo kusudi inunue chakula na dawa. Ruhusa ilikuja kwa kuchelewa, na katika mpango huo pia wakubwa walipata njia ya kujitajirisha.

Tazameni, ndugu: Uingereza ya 1208 na Irak ya 1990 ni namna moja. Mwenye kosa alikaa nyuma ya watu wake kama nyuma ya ukuta, na mawe yote yaliangukia ukuta.

III. Jirani yetu Burundi

Hatuna lazima ya kwenda mbali kwa kuona jambo hili. Tarehe 25 mwezi wa saba 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa tena utawala wa Burundi kwa nguvu. Siku sita baadaye, wakubwa wa inchi za jirani walikutana Arusha pamoja na Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mpatanishi, wakakata shauri kufunga njia za biashara za Burundi. Walidai mambo ya haki: bunge lirudishwe, vyama vipewe tena uhuru, na serikali ikubali kuzungumza na wote wanaopigana nayo.

Kwa ginsi moja kitendo hiki kilikuwa kipya. Hakikutoka Ulaya wala New York. Waafrika wenyewe walikataa mapinduzi kwa jirani yao. Bunge lilifunguliwa tena na mazungumzo yakaja. Lakini Burundi haina bahari. Mafuta, mbolea na chumvi vilipanda kuwa bei kali. Wenye nguvu walijua njia za usiku, na wengine walipata faida kubwa kwa magendo. Mkulima wa kilimani hakuwa na njia ya usiku. Mwezi wa nne wa 1997 majirani walilegeza vyakula, dawa, vitu vya shule na vya kilimo. Tarehe 23 mwezi wa kwanza 1999 waliondoa vikwazo, na mapatano ya amani yakatiwa sahihi Arusha tarehe 28 mwezi wa nane 2000.

Katika miaka ile ile, njia nyingine ilikuwa ikifunguliwa katika Angola. Mwaka 1993 Baraza la Usalama lilikataza silaha na mafuta kwa UNITA, chama cha Jonas Savimbi. Halikufunga inchi ya Angola. Lilifunga chama chenye kupigana. Mwaka 1997 lilikataza wakubwa wa chama wasisafiri. Mwaka 1998 lilifunga mali yao na kukataza almasi za Angola zisizo na barua ya serikali ya kuonyesha zilikotoka. Mwanzoni almasi ziliendelea kupita. Lakini mwaka 2000 wachunguzi walitoa ripoti iliyowataja wazi waliosaidia magendo, hata marais wawili wa Afrika. Tangu hapo watu walielewa kwamba kutangaza vikwazo haitoshi. Sherti wawepo wachunguzi wa kufuata nyayo za kitu kilichokatazwa na kutaja aliyekipitisha. Na tangu mwisho wa miaka ya 1990, serikali za Uswisi, Ujerumani na Uswidi ziliita wataalamu, wakatafuta pamoja namna ya kuandika vikwazo vinavyopiga mtu na mali yake, si taifa na chakula chake.

IV. Ituri katika orodha

Vita ya Ituri ilikuja wakati fundisho hili lilipokuwa jipya. ONU ilikadiria kwamba watu zaidi ya 50,000 walikufa katika vita hiyo tangu mwaka 1999. Baada ya mambo ya mwezi wa tano 2003, askari wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, walifika Bunia. Tarehe 28 mwezi wa saba, Baraza lilipiga kura azimio namba 1493: hakuna ruhusa ya kupeleka silaha kwa vikundi vyenye kupigana katika Ituri na Kivu zote mbili.

Chakula hakikufungwa, wala dawa, wala sabuni, wala vitabu vya shule. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Ituri haikupata azabu ya Burundi. Lakini ilipata ugonjwa wa Etiopia: mlango mkubwa ulibaki wazi. Ziwa Albert lina mitumbwi mingi, mpaka wa Aru na Mahagi ni mrefu, na ndege ndogo zilishuka katika viwanja visivyo na mlinzi. Mwanzoni hakukuwa hata na wachunguzi. Wachunguzi walikuja kwa azimio la mwezi wa tatu 2004, namba 1533, lililounda komite ya vikwazo na kundi la wataalamu. Walichofanya ni kazi ya miguu: kuangalia barua za ndege, kuuliza watu wa duane, kuhesabu zahabu iliyotoka Uganda na kuona kwamba inapita ile Uganda yenyewe inayochimba.

Tarehe 25 mwezi wa pili 2005, askari tisa wa Bangladesh waliokuwa wakilinda amani waliuawa karibu na Kafe, katika Djugu. Miezi miwili baadaye Baraza liliongeza nguvu kwa azimio namba 1596: embargo ya silaha ilienea Kongo yote, ndege ziliwekwa chini ya ulinzi, na watu wanaovunja embargo walikatazwa safari na kufungiwa mali. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 2005 orodha ya kwanza ilitoka.

Tuisome kwa uangalifu. Katika orodha ile alikuwemo Thomas Lubanga wa UPC. Alikuwemo pia Floribert Ndjabu wa FNI, kikundi kilichopigana na UPC. Alikuwemo Khawa Panga Mandro wa PUSIC, na Jérôme Kakwavu wa FAPC kule Aru. Alikuwemo Bosco Ntaganda. Hawa walipigana wao kwa wao, na kila mmoja alisema kwamba anatetea watu wake. Orodha haikuandika: «Wahema» wala «Walendu». Iliandika jina la mtu, kazi aliyoifanya na kosa analoshitakiwa. Katika Bunia ya siku zile, mahali ambapo jina la kabila lilitosha kumwua mtoto, karatasi ile ilisema jambo ambalo wengi kati yetu hatukuthubutu kulisema: kosa lina mwenyewe.

Mwaka 2006 Baraza liliongeza kwamba anayeandika watoto katika jeshi anaweza kutiwa katika orodha. Mwaka 2008 liliondoa embargo kwa serikali ya Kongo yenyewe, likaiacha juu ya vikundi vyenye silaha. Serikali ilibaki na lazima ya kutangaziwa silaha zinazoingia, na lazima hiyo nayo iliondolewa mwaka 2022. Hivyo azabu ilizidi kukaribia mlango wa nyumba inayohusika.

V. Zahabu haina kabila, lakini ina njia

Mtu mwenye silaha hali risasi. Anakula zahabu. Kwa sababu hiyo, tarehe 29 mwezi wa tatu 2007 komite ilitia katika orodha kampuni mbili za Kampala zilizonunua zahabu, Machanga na Uganda Commercial Impex, pamoja na mfanya biashara wa Butembo, Kisoni Kambale, aliyeshitakiwa kwamba alinunua zahabu ya Mongbwalu kutoka kwa FNI. Hapo azabu ilimfikia anayenunua, si anayepiga bunduki tu. Mwisho wa 2008 Baraza lilisema wazi katika azimio namba 1857 kwamba anayesaidia vikundi kwa biashara haramu ya mali ya udongo anaweza kuazibiwa. Mwaka 2010 liliunga mkono maongozi kwa wafanya biashara: kila mmoja ajue kitu anachonunua kimetoka shimo gani, na nani alilipwa njiani.

Lakini hapa pia kosa la zamani lilirudi kwa mlango wa nyuma. Mwezi wa saba wa 2010 Marekani ilitoa sheria inayoamuru kampuni zake kutangaza kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Nia ilikuwa njema. Lakini kampuni nyingi ziliona kwamba kuchunguza ni kazi, na kutonunua kabisa ni rahisi. Mwezi wa tisa wa mwaka ule Rais Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Mchimbaji asiyekuwa na bunduki alikosa ada ya shule ya watoto wake kwa ajili ya kosa la mwenye bunduki. Baadaye, kwa bati na koltani, mifuko ilianza kufungwa alama kwenye shimo kusudi ijulikane ilikotoka. Kwa zahabu dawa hiyo ni ngumu. Zahabu ya nyumba nzima inaingia katika mfuko wa suruali, na ikiyeyushwa pamoja na nyingine hakuna anayeweza kuitenga. Hii ndiyo sababu kubwa inayofanya vikwazo visimalize vita ya Ituri.

VI. Kuonywa na kufunguliwa

Sasa turudi kwa maneno mawili tuliyoyashika. Je, mtu anayetiwa katika orodha anaonywa? Je, anaweza kufunguliwa?

Mwanzoni alisikia jina lake katika radio kama watu wengine. Hakuitwa, wala hakujua mahali pa kupeleka maneno yake. Mwezi wa kumi na mbili 2006 Baraza liliunda biro moja katika New York ya kupokea maombi ya wanaotaka kufutwa. Lakini biro hiyo ilipeleka barua tu. Haikuwa na hakimu wa kuchunguza. Kwa orodha ya Al-Qaida, tangu mwaka 2009 yupo mtetezi anayesikiliza na kutoa shauri. Kwa orodha ya Kongo hakuwekwa. Mwaka 2024, kwa azimio namba 2744, Baraza lilitengeneza biro ile kusudi maombi yasikilizwe vizuri zaidi.

Tuone mifano miwili. Kisoni Kambale aliuawa Butembo mwezi wa saba 2007. Jina lake lilifutwa mwezi wa nne 2008. Mathieu Ngudjolo alitiwa katika orodha ya 2005. Korti ya La Haye ilimwachilia mwaka 2012 kwa kukosa ushuhuda wa kutosha, na uamuzi ukahakikishwa mwaka 2015. Lakini kuachiliwa kule hakukumtoa papo hapo katika orodha. Watu wengine watasema: orodha si korti, ina kazi yake ya kuzuia hatari. Ni kweli. Lakini azabu inayodumu baada ya hukumu ya hakimu sherti ieleze sababu yake, la sivyo watu wataona nguvu bila haki.

Kwa upande mwingine, tusisahau ginsi orodha na korti zilivyosaidiana. Lubanga alipelekwa La Haye mwaka 2006, akahukumiwa mwaka 2012 miaka 14 kwa kuandika watoto katika jeshi. Ntaganda alihukumiwa mwaka 2019 miaka 30. Lakini Lubanga, aliyekwisha kutoka kifungoni mwaka 2020, alitangaza mwaka 2025 kikundi kipya, akiwa katika Uganda. Basi kukatazwa safari katika karatasi si kukatazwa kweli kama mataifa ya jirani hayatii mkono.

Inabaki sehemu moja ya kufurahia. Zamani wenye kupeleka msaada waliogopa kwamba gunia la unga likipita mahali penye mtu wa orodha, wao wenyewe watashitakiwa. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2022, kwa azimio namba 2664, Baraza liliamua kwamba msaada wa kuokoa maisha hauvunji kufungwa kwa mali, katika orodha zake zote. Bonifasi VIII alifungua milango ya kanisa siku za sikukuu. Mataifa yalifungua mlango wa hospitali na wa gala. Ilichukua miaka mingi, lakini ni njia ile ile.

Na kazi hii ina garama ya damu. Mwezi wa tatu 2017 wachunguzi wawili wa orodha ya Kongo, Michael Sharp wa Marekani na Zaida Catalán wa Uswidi, waliuawa katika Kasai walipokuwa wakitafuta ukweli. Walikufa kwa sababu walitaka kujua nani hasa amefanya nini.

VII. Na sisi?

Fundisho la Eklezia juu ya jambo hili ni wazi. Vikwazo visiwe azabu ya taifa zima, viwe na kusudi linalojulikana, viangaliwe mara kwa mara, vielekee mazungumzo. Tukipima historia kwa kipimo hiki, tunasema bila woga: mataifa yamejifunza. Ituri ya 2005 ilitendewa kwa haki zaidi kuliko Irak ya 1990 na Burundi ya 1996. Lakini kuwa na haki zaidi si kuwa na nguvu zaidi. Baraza liliongeza tena muda wa vikwazo vya Kongo mwaka 2025, na katika Djugu, Irumu na Mambasa watu bado wanakimbia. Mshale umekuwa mwembamba na wenye shabaha. Mkono unaouvuta bado ni zaifu.

Sasa, ndugu mapadri, ndugu makatekista, nanyi wanafunzi mtakaotumwa kesho, tujiulize pale tunapokaa. Katika mahubiri na mazungumzo yetu, tunamtaja mwenye kosa au tunataja kabila lake? Mkristu akija na kusema «wao ndio walioiba ng'ombe zetu», tunamwuliza «wao ni nani?» au tunatikisa kichwa pamoja naye? Mchunguzi au hakimu akitafuta mashahidi, tunawafundisha watu kusema waliloliona, pasipo kuongeza na pasipo kuficha kwa ajili ya ndugu? Mwenye mali akileta toleo kubwa kwa ujenzi wa kanisa, na kila mtu anajua zahabu yake ilipita mikononi mwa wenye silaha, tunauliza au tunashukuru tu?

Na kijana aliyetoka msituni, akaweka bunduki chini, tumemwonyesha mlango wa kufunguliwa? Tukimwita muuaji mpaka mwisho wa maisha yake, tunafanya yale tuliyoyalaumu katika orodha isiyokuwa na mlango.

Abrahamu alimwuliza Mungu kama atawaangamiza wenye haki pamoja na waovu. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hachukui zambi ya baba yake. Mataifa yalitumia karne nyingi kuingiza ukweli huo katika sheria zao, tena si wote. Sisi tunaosali hapa Nyakasanza, mahali ambapo watu waliuawa kwa kuwa jirani wa mtu fulani, hatuna ruhusa ya kuwa wanafunzi wa mwisho.